Waya au Ungo? Neno kwa Mwenye Nyumba Anayetaka Kuleta Televisheni



Katika maswali tunayoletewa sisi walimu baada ya darsa, liko moja ambalo zamani halikuwapo, na sasa halikosi kuulizwa. Huliuliza baba aliyehamia nyumba mpya, huliuliza kijana aliyeoa juzi, na hata ajuza anayeishi na wajukuu. Swali lenyewe ni hili: "Maalim, nataka kuweka televisheni nyumbani. Nivute waya ule unaopita mtaani, au ninunue ungo niufunge juu ya paa? Ipi bora?"

Swali hili ni jema, kwa sababu aulizaye kabla ya kununua si sawa na aulizaye baada ya kununua. Lakini wengi wanaoliuliza wamekwisha kuwa na jibu mfukoni, nao wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: "Waya ni salama kuliko ungo. Mwenye waya ni mtu wa mtaani petu, tunamjua na tunasali naye. Lakini ungo unatazama juu na kuteremsha kila uchafu wa dunia." Kundi la pili halijali lolote isipokuwa hesabu: huyu anatoa chaneli 80, yule anatoa 120, basi wa 120 ndiye bora.

Makala haya yanataka kuwajibu wote wawili. Tutavipima vitu hivi viwili kama mtu apimavyo bidhaa sokoni: tutazame asili yake, utendaji wake, mkataba wake, na kile kinacholetwa ndani. Kisha tutoe hukumu, kwani uhakiki usio na hukumu ni mazungumzo ya barazani tu.

WAYA NA UNGO NI NDUGU

Waya ulizaliwa kwa sababu ya mlima. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Marekani, katika miji midogo ya majimbo ya Pennsylvania na Oregon, watu walinunua televisheni wakakuta hazioni kitu, kwa kuwa milima iliyazuia mawimbi. Wenye akili wakapanda kilimani, wakasimamisha antena kubwa, wakateremsha waya mpaka majumbani, na kila nyumba ikalipa kidogo kila mwezi. Hiyo ndiyo asili ya biashara hii.

Ama ungo, asili yake ni hesabu ya vitabuni. Mwaka 1945 Mwingereza mmoja, Arthur C. Clarke, aliandika kwamba chombo kikiwekwa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule dunia inaojizungusha, na kwa mtu aliye chini kitaonekana kimesimama mahali pamoja. Mwaka 1964 setilaiti ya namna hiyo ilitumika kuvusha picha za michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo.

Halafu mwaka 1975 hawa wawili wakakutana. Kampuni ya HBO ilitumia setilaiti kuwapelekea wenye waya wa Marekani pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililopiganwa Manila. Tangu siku hizo mwenye waya hakuhitaji tena kutegemea antena ya kilimani peke yake. Aliweka ungo mkubwa katika kituo chake, akanasa mambo ya mbali, akayagawa kwa waya.

Ndugu msomaji, shika jambo hili, kwani ndilo linalobomoa hoja ya kundi la kwanza. Waya unaopita mbele ya mlango wako haukutengeneza chochote. Nenda katika kituo cha mwenye waya wa mji wako, tazama uani au juu ya paa, utaona nyungo zimepangwa kama nyungo za wapeta mchele. Kilichoteremka kwako kwa waya kimekwisha kupita katika ungo wa mwenzako. Basi anayesema waya ni safi na ungo ni mchafu ni kama anayesema maji ya mferejini ni halali na ya kisimani ni haramu, na mfereji wenyewe umetolewa kisimani. Tofauti ya kweli iko kwa anayesimama kati yako na kisima. Kwa ungo, kati yako na kampuni kubwa ya mbali hakuna mtu. Kwa waya, yuko mtu wa mji wako anayechagua nini kipite na nini kisipite. Mtu huyo akiwa mwaminifu ni heri, na akiwa mchoyo au mdanganyifu ni shari.

UTENDAJI WA UNGO

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna bahati ambayo watu wa kaskazini hawana. Setilaiti ambayo DStv huitumia kwa nchi zetu iko juu ya nyuzi 36 mashariki, na Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39. Yaani setilaiti hiyo iko karibu utosini petu, na mnazi wa jirani hauwezi kuiziba kwa urahisi. Ile ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo ungo wake huinamishwa upande wa magharibi. Ndiyo maana ungo uliofungwa kwa ajili ya huyu hautamwona yule mpaka fundi aje augeuze. Mtu asidhani kwamba akishanunua ungo mmoja amenunua mbingu nzima.

Fadhila kubwa ya ungo ni kwamba haubagui. Mtu wa Pemba, wa Mafia, wa Nachingwea na wa Lamu hupata picha ile ile anayoipata mtu wa mjini. Hahitaji nguzo wala barabara, na akiwa na umeme wa jua kidogo unamtosha. Fadhila ya pili ni kwamba ungo hupokea tu, hausemi. King'amuzi kisichounganishwa na intaneti hakina njia ya kumpelekea mtu habari za unayoyatazama. Katika zama hizi ambapo kila chombo kinampeleleza mwenyewe, hilo si jambo dogo.

Ama aibu zake, ya kwanza ni mvua. Mawimbi yanayotumika ni membamba mno, na matone mazito huyanywa njiani. Masika yakishuka sawasawa picha hukatika vipande vipande, kisha hupotea, na hurudi wingu likishapita. Iko pia dhara ya jua: karibu na miezi ya Machi na Septemba, kwa siku chache, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti, na kwa dakika kadhaa mawimbi humezwa. Watu wengi huwaita mafundi siku hizo na kulipa fedha bure, hali dawa yake ni kungoja tu. Aibu ya pili kwa sisi wa Pwani ni chumvi. Upepo wa bahari hula chuma, na ungo ulio karibu na maji hushika kutu kwenye mguu na kwenye kichwa chake, ukapinda kidogo tu ukapoteza kila kitu. Aibu ya tatu ni kuchelewa. Kupanda na kushuka kwa mawimbi ni safari ya zaidi ya kilometa 70,000, nayo huchukua karibu robo ya sekunde, na matengenezo ya picha kabla na baada ya hapo huongeza mengine. Ndiyo maana jirani mwenye njia nyingine aweza kupiga kelele za goli wakati kwako mpira uko katikati ya uwanja.

UTENDAJI WA WAYA

Waya haujali mvua inayonyesha juu ya paa lako. Hauhitaji fundi wa kupanda juu kila mwaka. Waya mmoja waweza kugawika chumbani na ukumbini, na katika miji mikubwa waya huo huo huleta intaneti na simu. Wananchi Group, walipoanzisha huduma yao ya Zuku nchini Kenya, walivuta waya Nairobi na Mombasa, na pale waya usipofika wakauza ungo. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba hata wenye biashara hawaoni ugomvi kati ya viwili hivi, bali huona ramani: palipo na nyumba nyingi zilizokaribiana waya unalipa, na palipotawanyika ungo unalipa.

Aibu ya waya ni kwamba uhai wake umo mikononi mwa wengi. Lori likigonga nguzo, umekwisha. Mchimba mtaro wa maji akipiga sururu vibaya, umekwisha. Njiani, katika waya wa shaba, mna vyombo vya kuongeza nguvu, navyo vinakula umeme. Umeme ukikatika mtaa wa pili, wewe mwenye jenereta yako nawe hutaona kitu, na jirani mwenye ungo na sola ataendelea. Tena waya hauna mashindano. Katika mitaa mingi mwenye waya ni mmoja, na mwuzaji aliye peke yake sokoni hahitaji tabia njema ili apate mteja.

Hata hivyo waya una jambo moja ninalolipenda: mwenyewe anajulikana. Ukiwa na malalamiko unakwenda kwa miguu, unamkuta kitini, unasema naye uso kwa uso. Mwenye ungo hupiga namba ya simu, akaambiwa abonyeze moja, kisha mbili, kisha asubiri, na mwisho wake fedha za simu zimekwisha na tatizo liko pale pale.

AMANA KATIKA WAYA

Sasa tufike mahali pazito, ambapo wengi hawapendi kufikishwa. Wako wenye waya, si wote, ambao hununua king'amuzi kimoja cha nyumbani, wakalipia mwezi mmoja kama mtu mmoja, kisha wakaichukua picha ile na kuigawa kwa nyumba mia kwa malipo. Kampuni yenye picha haijui, wala haikuruhusu. Wako pia majirani wanaofanya hivyo kwa udogo: mmoja analipa, na nyaya zinapita madirishani kwenda nyumba nne.

Nimeusikia utetezi wa jambo hili, nao ni wa aina tatu. Wa kwanza husema: "Kampuni hizo ni tajiri, hazitadhurika." Jawabu ni kwamba utajiri wa mwenye mali haujawahi kuwa ruhusa ya kuichukua mali yake. Wa pili husema: "Picha haishiki mkononi, mimi nikiitazama haipungui." Jawabu ni kwamba hata darsa haishiki mkononi, na kazi ya fundi haishiki mkononi, na bado ujira ni haki. Picha ile imegharimiwa, na waliogharimia wameitoa kwa masharti, na wewe uliyasikia masharti. Wa tatu husema: "Lakini namsaidia jirani maskini." Huyu ndiye mwenye hoja iliyo karibu na moyo, na jawabu lake ni jepesi: mwite jirani yako aje ukumbini kwako atazame pamoja nawe. Hapo umemkirimu kwa kilicho chako. Ukimvutia waya umemkirimu kwa kilicho cha mwingine.

Basi kabla hujavuta waya muulize mwenyewe mambo mawili: je, ana leseni ya serikali, na je, chaneli anazouza amekubaliana na wenyewe? Mwaminifu hakasiriki kuulizwa. Na ukipuuza, jua pia hasara ya dunia: siku mamlaka itakapofunga kituo chake, fedha uliyotanguliza haitarudi.

MKATABA: UNANUNUA AU UNAKODI?

Watu husema "nimenunua ungo" au "nimenunua kifurushi." Tulisahihishe neno hili, kwani kosa la neno huleta kosa la mfuko. Ulichonunua ni bati na king'amuzi. Kinachobaki ni ijara, yaani kukodi. Kila mwezi unakodi haki ya kutazama, na mwezi ukiisha huna kitu, kama mpangaji ambaye kodi yake imekwisha. Katika ijara wanazuoni wetu wameweka sharti lililo wazi: kitu kinachokodiwa kijulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Kisichojulikana kimeingiwa na gharar, nayo huzaa ugomvi.

Sasa pima huduma hizi kwa sharti hilo. Muda unajulikana na ujira unajulikana, mpaka siku utakapopandishwa. Lakini kitu chenyewe hakijulikani vizuri. Leo kifurushi kina chaneli hii, kesho imeondolewa na bei ni ile ile. Mwezi wa Agosti 2018, nchini Tanzania, wenye ving'amuzi vya kulipia vya ungo waliamka wakakuta stesheni maarufu za nyumbani zimeondolewa, kwa sababu mamlaka ilisema leseni za kampuni hizo hazikuwaruhusu kubeba stesheni za bure. Kenya nayo mwaka 2015, katika mvutano wa kuhamia digitali, stesheni kubwa za watu binafsi zilizima kwa karibu wiki tatu, na wananchi wakabaki na vioo vyeusi. Aliyedhani chombo chake ndicho kitakachomhakikishia habari za nchi yake alijifunza siku hizo kwamba chombo hakihakikishi kitu, bali makubaliano ya watu na amri ya serikali.

Jambo la pili katika mkataba ni hicho kifurushi chenyewe. Mtu anataka chaneli nne, anauzwa 90. Ni kama kwenda dukani kununua chumvi, mwenye duka akakwambia: chumvi siuzi peke yake, chukua na viatu, na kamba, na rangi ya ukuta. Kisha akajisifu kwamba amekupa vitu vingi kwa bei moja. Hapa waya na ungo wote wana lawama sawa, na hili ndilo jibu kwa kundi la pili. Wingi wa chaneli si wingi wa faida. Hesabu chaneli ambazo nyumba yako ilizifungua wiki iliyopita kwa zaidi ya nusu saa. Nyumba nyingi hazitafika nane.

Jambo la tatu ni mpira, na hapa tuseme kweli. Wanaume wengi wanaouliza waya au ungo wanauliza mpira. Mwaka 2021 Azam na shirikisho la mpira la Tanzania walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi ya Uingereza nayo kwa miaka mingi imekuwa mikononi mwa SuperSport, ambayo ni ya watu wa DStv. Kwa hiyo anayetaka Simba na Yanga hana uchaguzi wa waya au ungo. Amekwisha kuchaguliwa na aliyenunua haki. Na anayetaka vyote viwili, cha nyumbani na cha Uingereza, atalipa mara mbili. Bilioni zile hazikutoka mbinguni, zitarudishwa na wewe, mwezi baada ya mwezi. Simkatazi mtu kupenda mpira. Lakini baba anayelipa kifurushi cha juu kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, na ada ya madrasa ya binti yake ina deni la miezi mitatu, huyo hana haja ya fatwa. Daftari lake limekwisha kumhukumu.

KINACHOINGIA NDANI

Tumesema njia mbili hizi ni ndugu, basi na yanayopita ndani yake ni ya namna moja. Yako ya manufaa, wala si haki kuyakana. Habari za dunia ambazo zamani tulizipata kwa redio ya mawimbi mafupi, usiku, kwa kelele na kukatika, leo mtoto huziona kwa macho. Mwaka 1996 Al Jazeera ilipoanza Qatar, watu walisikia kwa mara ya kwanza habari za nchi zao zikibishaniwa waziwazi. Misikiti miwili mitukufu huonekana moja kwa moja katika nyumba ya mtu ambaye huenda hatapata uwezo wa kusafiri umri wake wote. Haya ni mema.

Iko pia michezo ya kuigiza ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2011 TBC ilionyesha mchezo wa Kichina wa Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na baada ya hapo ikaja mingi, ya Kituruki na ya Kihindi na mingineyo. Kama mwalimu wa lugha nafurahi kusikia Kiswahili kikisemwa na Mchina na Mturuki, na vijana wetu kupata kazi ya kutia sauti. Lakini kama mlezi nasema lugha kuwa yetu hakuifanyi hadithi kuwa yetu. Bibi anaposikia Kiswahili kitamu hudhani ni jambo la heshima, akawaacha wajukuu watazame, na ndani yake mna hila za wake wenza, uzinzi unaochekewa, na mtoto anayemjibu mzazi wake kwa ukali akapigiwa makofi. Filamu ya Kiingereza mtoto mdogo huenda asiifahamu. Hii ya Kiswahili anaifahamu neno kwa neno. Basi inataka mtazamaji mkubwa pembeni zaidi kuliko ile.

Wako wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Hilo limejaribiwa. Saudi Arabia ilikataza nyungo mwaka 1994, na Iran ikatunga sheria mwaka 1995. Kilichotokea ni kwamba mapaa ya Riyadh na Tehran yaliendelea kujaa nyungo, nyingine zimefunikwa shuka na turubai. Amri ya serikali iliishia kwenye kizingiti cha mlango. Ndani ya mlango amri ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akiwa hayuko, hakuna waziri atakayekuwa badala yake.

Tena utaniambia: "Maalim, unahangaika na ungo na waya, na mtoto ana simu mkononi yenye dunia nzima ndani yake!" Ni kweli, na jawabu langu huenda likakushangaza. Kwa sababu hiyo hiyo televisheni ya ukumbini imekuwa na thamani ambayo zamani haikuwa nayo. Simu hutazamwa na mmoja, chini ya shuka, na mzazi hajui. Televisheni ya ukumbini hutazamwa na wote. Likipita jambo baya, baba husema neno, mama hubadilisha, mtoto huona haya, naye hujifunza kwa nini. Tulipoanza sisi, Zanzibar ikiwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bara ikingoja mpaka 1994, watu walitazama kwa makundi, na wakubwa walikuwapo. Ubora ule unaweza kurudishwa nyumbani. Lakini hautarudi ikiwa kila chumba kina kioo chake, na hapa ndipo fadhila ya waya ya kugawika vyumbani inapogeuka kuwa dhara.

HUKUMU

Sasa tutoe hukumu yetu kwa nyumba mbalimbali.

Kwanza, ikiwa unachotaka ni habari za nchi, mawaidha ya stesheni za nyumbani na vipindi vya kawaida, na unakaa mahali mnara wa digitali unapofika, huhitaji waya wala ungo. King'amuzi cha antena kinakutosha. Wauzaji wengi hawatakwambia neno hili.

Pili, ikiwa unakaa shamba, kisiwani, au mahali umeme unakatika mara kwa mara, ungo ndio wako. Uufunge chini, ukutani, mahali fundi anapofikia na upepo wa bahari hauupigi moja kwa moja, upake mguu wake rangi kabla ya masika, na chukua kifurushi cha chini kabisa kwa miezi mitatu ya kwanza. Ukiona umepungukiwa ndipo upande. Anayeanza juu hashuki, kwani watu wa nyumbani hawatakubali.

Tatu, ikiwa unakaa mjini, unahitaji na intaneti ya masomo au ya kazi, na mwenye waya ni mtu wa leseni na amana, waya ni bora kwako, na gharama yake hugawanyika kwa manufaa mawili. Lakini uvute mpaka ukumbini, ukomee hapo.

Nne, ikiwa mwenye waya hawezi kujibu yale maswali mawili tuliyoyataja, mwache hata akikupa bure.

Na kwa kila nyumba, ya waya au ya ungo, liko sharti la kabla na sharti la baada. La kabla ni shauri. Kaa na mkeo, na watoto waliofikia akili, kila mtu ataje vipindi vitatu anavyovihitaji, viandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo iende dukani, si tangazo la muuzaji. La baada ni kufuli. Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya kufungia chaneli na vipindi vya wakubwa, na wazazi wengi hawajawahi kuigusa. Chombo hutoka kiwandani na namba nyepesi ambayo kila mtoto wa mtaa anaijua. Ibadilishe siku ile ile ya kwanza, fundi akiwa bado yuko. Kisha panga saa ya kuwasha na saa ya kuzima, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kuifuata, kwani mtoto anayeona baba amekaa mbele ya mpira na adhana ya Isha inapita, hatasikia mawaidha yako tena.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ungo ni ufa juu ya paa, na waya ni ufa wa dirishani. Fundi atakuuliza jambo moja tu, autoboe wapi ukuta. Hilo la kiwe na upana gani, na nani akae karibu nalo, halimhusu yeye. Ni lako, nalo utaulizwa.

Wabillahi tawfiq.